CAT yetu imefunga njugu

Jana jioni nimeshuka Kondele hapa Kisumu njaa imenikaba, nikanunua njugu za 20 kwa mzee mmoja hivi hukaa karibu na raundabauti. Nimemaliza, nataka kutupa karatasi, naona hesabu ya standadi devieshoni. Nikaikunjua. Makomredi, ilikuwa CAT yetu, yaani lile jaribio la kabla ya mtihani! Ile ya takwimu ya semista iliyopita, reg namba imechanika katikati lakini kosi kodi inaonekana wazi. Na hakuna wino mwekundu popote, hata tiki ya kuhurumia mtu.

Nikamuuliza mzee amezitoa wapi. Akacheka. "Nyathina (mtoto wangu), hizo tunauziwa kwa kilo."

Kumbe angalau kuna mtu alizipima.

Sasa mniambie zile maksi kwa potali zilitoka wapi, juu maksi ziko. Darasa la watu 340, kuna wale hulala laibrari na kuna sisi, na karibu wote tumepata kati ya 19 na 22 kwa 30. Hata mvua ya Kisumu hainyeshi sawa hivyo, Milimani wanalowa na Nyalenda vumbi linapepea.

Nikapiga picha nikaitupa kwa grupu ya WhatsApp. Mwenye karatasi akajitokeza, ameujua mwandiko wake. Tukaisoma pamoja usiku na hapo ndipo hasira ilinipanda vizuri, kwa sababu kosa lake lilikuwa dogo sana. Alitoa wastani, akatafuta tofauti, akazizidisha zenyewe kwa zenyewe, akajumlisha, akagawanya, akaishia hapo. Hakutafuta kipeuo cha pili, ile hatua ya mwisho. Yaani aliandika variansi akaiita standadi devieshoni, na hivyo ndivyo alivyokuwa anajua inafanywa. Akaenda na hiyo imani mpaka kwa mtihani wenyewe, ambao ndio umebeba 70, na huko akarudia kosa lile lile kwa utulivu kabisa. Duara moja jekundu lingetosha. Alama ya kuuliza tu! Mtu angeangalia hiyo karatasi kwa sekunde kumi dada wa watu angeokoka.

Ndio maana hii hadithi ya "wanafunzi wa siku hizi wanalalamikia kazi nyingi" inaniudhi. Nipe kazi. Nipe CAT tano, nipe tamu pepa ya kurasa 20 niende saiba nikaprinti kwa shilingi 10 kila ukurasa na pesa ya HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, haijaingia, nitanung'unika nitafanya. Kile siwezi ni kukesha na kitu ambacho safari yake imepangwa kutoka kwa dawati langu mpaka kwa njugu.

Sawa, najua mtanijibu. Leki (mhadhiri) mmoja, watu 340, na ana madarasa mengine manne. Pat-taima wanafundisha na malipo hayaonekani. Najua pia mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulianza 17 Septemba ukaisha 5 Novemba, siku 49, wakidai shilingi bilioni 7.9 zao, na tuliporudi semista ikabanwa tukawa tunasoma kwa PDF zinazotumwa saa tano usiku. Walikuwa na haki ya kugoma, hilo silibishi. Lakini kama huwezi kusahihisha CAT 340, tupe moja fupi, swali moja, na ulisome. Ama simama mbele dakika kumi utuambie wengi wenu mmesahau kipeuo. Hiyo haihitaji bajeti ya serikali.

Kuhusu maksi zinazopotea sitasema kitu leo, presha yangu inatosha.

Na ile fomu ya kutathmini wahadhiri, ile lazima ujaze ndio upate kadi ya mtihani, imefunguliwa leo asubuhi. Swali la saba: je, mhadhiri alikupa maoni kuhusu kazi yako kwa wakati ufaao, chagua 1 hadi 5. Nimeijaza nikiwa na ile karatasi mkononi, bado ina chumvi. Nimebonyeza 1 halafu nikakaa nikiwaza hii fomu nayo itauzwa kilo ngapi.