Einaudi anachosha, au ni sisi tunaomtumia hovyo?

Ukikaa na watengeneza video wa Dodoma, hawa wanaorusha droni juu ya mashamba ya zabibu na majengo ya Mtumba, lazima utaisikia piano ya Ludovico Einaudi, mtunzi na mpiga piano wa Italia. Kwenye harusi yupo, kwenye msiba yupo, mahafali ya UDOM yupo. Na akitajwa tu ubishi unaanza, wengine wanasema jamaa ni fundi wa hisia, wengine hasa wale wa kwaya wanaojua kusoma noti wanasema anazungusha kitu kimoja dakika sita halafu anaitwa mtunzi mkubwa.

Kwanza hili la kusema hajui mziki tuliache. Kazaliwa Turin 1955, kasoma konsevatori ya Milano, yaani chuo cha mziki, kafundishwa na mtunzi Luciano Berio ambaye kazi zake ni ngumu hadi wasomi zinawatoa jasho, kwahiyo mtu aliyepita pale kuandika vigumu angeweza, wepesi kauchagua mwenyewe. Ni kweli pia babu yake alikua rais wa Italia 1948 mpaka 1955 na baba yake mchapishaji vitabu mwenye jina, mtoto wa hivyo anaweza kujaribu vitu bila kuogopa njaa, sawa, ila ukoo haumlazimishi mtu wa Kondoa kusikiliza.

Hoja ya kurudiarudia ndo inanigusa zaidi, maana kwa huku Ugogoni kurudia sio dhambi kabisa. Ilimba, ile ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, inazunguka palepale muda mrefu, lakini ndani yake mambo hayatulii, kuna ule mvumo unaotoka kwenye vitundu vilivyozibwa na utando wa buibui, zeze linaingia, sauti zinapandana, na kwenye muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, akina mama wanabadilisha mapigo ya ngoma kidogokidogo mpaka unashangaa mmefikaje hapo. Hukwe Zawose, mwanamziki wa Kigogo, aliishi humo na dunia ikamwelewa. Kwahiyo kipimo changu ni kwamba wakati inarudia, ndani kunatokea nini? Na hapa wakosoaji wana pointi, nyimbo nyingi za Einaudi zinaanza pole, zinajaa, zinashuka, ukishasikia tano au sita unajua itaishia wapi kabla haijafika.

Sasa angalia upande wa filamu. Mwaka 2011 Intouchables ya Ufaransa ilichukua vipande vyake vilivyokua tayari kwenye albamu na watu wengi ndo wakamjua pale. Halafu 2020 zikatoka Nomadland na The Father, zote zimetumia mziki wa Seven Days Walking, kazi ya 2019 aliyoitunga kutokana na matembezi yake kwenye theluji ya milima ya Alps. Filamu moja ni mama anayeishi kwenye gari anazunguka Marekani, nyingine ni mzee wa London anayepoteza kumbukumbu, na zote zikapata Oscar kubwa. Anayeupenda mziki wa Einaudi atasema ona, mziki una nafasi kiasi kwamba huzuni yoyote inaingia. Mpinzani atasema mziki unaokaa popote hauna chake cha kusema. Mi naegemea kwa huyo anayeupenda, ila nusu, maana waongozaji wale walikua na picha nzito tayari na piano ikaja kusaidia. Video zetu nyingi picha haina kitu halafu tunaiachia piano itulilie, na mtazamaji analia kwa mazoea tu, bwana harusi hata hamjui.

Kuna kitu watu wa huku hawamtaji nacho. Albamu yake I Giorni ya 2001 ilitokana na wimbo wa zamani wa Mali, wa kiboko aliyependwa na wanakijiji akauawa na mwindaji. Mwaka 2003 akatoa Diario Mali na Ballaké Sissoko, mpiga kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, na humo piano inajizuia kabisa, inasubiri kora imalize sentensi yake ndo inajibu. Kwangu hiyo ni kati ya kazi zake bora, na ni hiyohiyo ambayo sijawahi kuisikia chini ya video yoyote hapa mjini!

Na hapa inaniuma kweli. Unarusha droni juu ya mibuyu ya Chamwino, mahali penye tamasha zima la mziki wa Wagogo, unaweka theluji ya Alps, halafu ukipandisha YouTube mwenye hakimiliki anaweza kuidai na hela ya matangazo ikaenda kwake. Wapiga zeze wapo, mtafute mmoja, mlipe vizuri, mwandikishane, rekodi sehemu isiyo na upepo maana upepo wa Dodoma unajulikana, na kama roho inataka piano iweke chini yake taratibu, Einaudi mwenyewe alifanya hivyo na kora.