Tokeni tatu katika daftari la Mama

Mama yangu ana daftari la shule, lile dogo la mistari, analiweka juu ya friji pale Morogoro. Humo anaandika tokeni za LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nikimtumia hela ya matumizi, hanunui umeme wa siku hiyo tu. Ananunua uniti zake 75 za mwezi, ananakili tarakimu ishirini kwa kalamu nyekundu, nne nne ili macho yasimchanganye, na haziingizi mpaka mita ianze kulia. Anaishi na mjukuu mmoja tu, kwa hiyo uniti 75 hazimwishii, na miezi inavyokwenda zinarundikana. Jumapili iliyopita, baada ya shikamoo na habari za mvua, nilimuuliza umeme vipi. "Zipo tatu mwanangu, sijazigusa," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja magunia ya mahindi aliyoyaweka darini.

Mimi nakaa Minnesota, kaskazini kabisa mwa Marekani, huu mwaka wa kumi na moja. Ni mhasibu katika kampuni ya umeme na gesi ambayo bei zake hupangwa na tume ya jimbo, na fungu langu ni mapato: lini kampuni ina haki ya kuandika kwamba fedha ya mteja sasa ni yake. Kwa hiyo Mama akisema "zipo tatu", mimi nasikia deni. Fedha imeshatoka mfukoni mwake na umeme bado haujawaka. Mtu wa namna hiyo ni mkopeshaji. Nataka kuandika kuhusu hilo, kwa sababu miaka yote niliyoishi nyumbani sikuwahi kumsikia mtu akiliita hivyo.

Huku mambo yamekaa kinyume. Tunatumia kwanza, tunalipa baadaye. Kampuni haisomi mita zote siku moja. Imezigawa mafungu kama ishirini, kila siku ya kazi fungu moja. Jirani yangu husomewa tarehe 5, mimi tarehe 12. Inapofika tarehe 31 Desemba na vitabu vinafungwa, mimi nimeshachoma umeme wa siku 19 ambao hakuna aliyeuandikia bili. Kampuni imeuleta, nimeutumia, kwa hiyo ni mapato ya Desemba ingawa karatasi itanifikia Januari. Hapo ndipo mimi na wenzangu tunakesha. Tunachukua umeme wote ulioingia kwenye nyaya mwezi huo, tunatoa unaopotea njiani, tunatoa ulioshaandikiwa bili, kinachobaki tunakigawa kwa aina za wateja na bei zao. Tunaangalia na baridi ilikuwa kali kiasi gani, maana siku ya nyuzi 25 chini ya sifuri hula gesi ya siku kadhaa za Oktoba. Ni makisio, lakini yana hesabu nyuma yake, na mkaguzi huja kuyapekua mstari kwa mstari.

Kanuni yenyewe haitofautiani sana na ya nyumbani. Mei 2014 bodi ya viwango vya uhasibu ya Marekani na ile ya kimataifa yenye makao London zilitoa kwa pamoja kiwango cha mapato, kikaanza kutumika 2018. Msingi wake mtu yeyote wa sokoni anauelewa: mapato ni yako pale mteja anapokipata alicholipia. Ukipokea fedha kabla, umepokea deni, na litabaki deni hadi utoe mali. Tanzania na Kenya zinafuata viwango hivyo vya kimataifa. Kwa kanuni hiyo tokeni za Mama zilizolala daftarini hazijawa mapato ya mtu.

Ugumu uko kwenye mita. Mita ya kubonyeza namba isiyo na mawasiliano haimwambii muuzaji kitu. Shirika la umeme, TANESCO, linajua umenunua. Kama umetumia leo, au tokeni imekaa kwenye daftari miezi mitatu, halioni. Mhasibu wa pale analazimika kukisia kama ninavyokisia mimi, ila kwa upande wa pili. Mimi nakisia umeme uliotumika na haujalipwa, yeye anakisia uliolipwa na haujatumika. Kisio langu linaongeza mapato ya kampuni. Lake linapaswa kuyapunguza.

Tuchukue ile 9,150 ambayo watumiaji wadogo wanaijua kwa moyo, bei ya uniti 75. Bei ya umeme ni shilingi 100 kwa uniti, jumla 7,500. VAT asilimia 18 ni 1,350. REA, wakala wa umeme vijijini, asilimia 3 ni 225. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1 ni 75. Ina maana katika 9,150 ya Mama, 1,650 si ya shirika hata kidogo. Linazipokea kwa niaba ya wengine na kuzipeleka. Kama nyumba ina kodi ya jengo, kuna 1,500 nyingine ya mwezi tangu Julai 2023, nayo inapita mlango huo huo. Zile 7,500 zinazobaki ndizo zinazoweza kuwa mapato, na zenyewe mpaka taa iwake. Lakini VAT inadaiwa pale fedha inapolipwa. Kodi ya umeme wa Mama imeshakwenda Hazina, umeme wenyewe umo katika kalamu nyekundu.

Sisemi haya kwa sababu natamani nyumbani watu walipe kama huku. Hapana. Nayakumbuka ya kabla ya LUKU, baba akirudi na bili ya kukadiriwa ya miezi ambayo hatukuwepo nyumbani. Na huku nilionja hayo hayo. Majira yangu ya kwanza ya baridi, mita yangu haikusomwa miezi miwili, bili zikaja za makisio, ya Februari ikapita dola 300 kwa chumba kimoja. Niliishika ile karatasi jikoni nimevaa koti ndani ya nyumba, nimeshusha joto hadi nyuzi 15 kwa hofu, nikijiuliza ningemtumia Mama nini mwezi ule. Aprili walikuja kusoma, wakagundua walinizidishia, salio likarudishwa kwenye bili iliyofuata. Miezi miwili ile mimi ndiye niliyewakopesha wao. LUKU haikufanyii hivyo. Umelipa unachoona, ukiishiwa unajua umeishiwa.

Nilichojifunza huku, na ambacho ningependa kivuke bahari, ni kwamba kila senti ambayo kampuni inadhani inamdai mteja, au mteja anaidai, ina mstari wake, na mstari huo uko mbele ya watu.

Februari 2021 baridi kali ilishuka hadi Texas, visima vya gesi vikaganda, bei ya gesi ikaruka kwa siku chache kufikia viwango ambavyo hakuna aliyewahi kuviona. Sisi Minnesota tulikuwa ndani, zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na kampuni zikainunua gesi hiyo kwa sababu watu wasingeweza kukaa bila joto. Gharama ya ziada kwa jimbo ilipita dola milioni 600. Duka la kawaida lingeandika hasara. Kampuni hizi ziliandika mali: haki ya kuzidai fedha hizo kwa wateja siku za mbele, kwa kuwa sheria ya jimbo inaruhusu gharama halali ya gesi irudi. Utaratibu huo wa Marekani una mizizi katika kiwango cha mwaka 1982, na ndio unaoitofautisha kampuni ya bei za kupangwa na biashara nyingine yoyote. Hadi 2025 viwango vya kimataifa vilikuwa havijaufungulia mlango huo kwa mapana. Kilikuwepo kiwango kingine cha 2014 kinachowagusa tu wanaoanza kutumia viwango hivyo, na mapendekezo ya Januari 2021.

Tume ilikaa, ikasikiliza, ikaamua wateja wa nyumbani wa kampuni kubwa walipe kidogo kidogo kwa miezi 63, na wenye kipato cha chini wanaopata msaada wa joto wasilipe nyongeza hiyo. Kisha ikauliza swali gumu zaidi: je, kampuni zilitumia gesi zilizokuwa nayo ghalani kabla ya kukimbilia sokoni? Agosti 2022 ikazikatalia makumi ya mamilioni ya dola. Siku hiyo ile "mali" iliyokuwa vitabuni ikafutwa, ikawa hasara ya wenye hisa. Niliwaona wahasibu watu wazima wamekaa kimya mbele ya kompyuta.

Kuna na jambo linalowashangaza wageni nikiwaeleza. Sheria ya Minnesota ya 2007 iliruhusu kampuni zitenganishe mapato na wingi wa umeme au gesi inayouzwa, ili zisiwe na sababu ya kupinga wateja wanapobana matumizi. California walianza kwa umeme mwaka 1982. Mwaka ukiwa wa joto na watu wakatumia kidogo kuliko ilivyopangwa, kampuni inaweza kuandika mapato ya umeme ambao haukuuzwa kabisa, kwa sharti tume iwe imeshatoa amri, kiasi kipimike, na fedha ikusanywe ndani ya miezi 24 baada ya mwaka huo kuisha. Watu wakitumia kupita kiasi, ziada inarudi kwao. Mara ya kwanza nilipofundishwa nilidhani nimesikia vibaya. Leo naona mantiki yake, ingawa bado naona inaelemea upande wa kampuni.

Mizani huinama upande wa mteja pia. Desemba 2017 Marekani ilishusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21. Kampuni za umeme zilikuwa zimeshakusanya kwa wateja, ndani ya bei, fedha za kulipia kodi za miaka ijayo kwa kile kiwango cha zamani. Hazikuruhusiwa kuzigeuza faida. Ziliandikwa kuwa deni kwa wateja, kwa herufi kubwa katika mizania, ile karatasi ya mali na madeni, na zinarudishwa polepole kupitia bei. Hapo ndipo nilipoanza kumfikiria Mama kwa namna nyingine. Mzee wa hapa ambaye hajawahi kusikia neno mizania ana deni lake limeandikwa, lina tarehe, lina mtu wa kulijibia.

Nyumbani mkopeshaji mdogo hana mstari wake. Wakati huo huo mkopaji mkubwa anajulikana kwa jina. Machi 2017 Rais Magufuli, akiwa Mtwara, aliagiza TANESCO wawakatie umeme wadaiwa bila kujali ni nani, na deni la Zanzibar likawa gumzo la nchi nzima. Wizara, taasisi, mamlaka za maji, madeni ya miaka. Wale wanatumia kwanza. Mwanamke muuza maandazi, mwenye friji moja na taa nne, analipa kwanza, na saa nane ya usiku uniti ikiisha giza halimuulizi ana mgonjwa au hana. Huku kuanzia Oktoba mosi hadi Aprili 30 kampuni haiwezi kukukatia joto ukiomba ulinzi na kukubaliana mpango wa kulipa. Fedha ambazo hazitalipwa zinakisiwa mapema na kuingizwa kwenye bei ya wote. Yaani asiyekuwa nacho anakopeshwa na mwenye nacho. Kwetu mkopo unapanda kutoka chini kwenda juu, na hilo linaniuma kila mwisho wa mwezi ninapofunga vitabu vya watu wengine.

Novemba 24, 2024, mita za mfumo huu wa tokeni duniani zilifikia mwisho wa hesabu yake ya muda, ile iliyoanza 1993, na kila mita ilibidi ipewe namba mpya kabla ya hapo. Tokeni ya zamani haipokelewi na mita iliyokwisha kubadilishwa. Nilimpigia Mama wiki kadhaa kabla, tukakaa kwenye simu karibu saa nzima. Alisoma tokeni zake za zamani moja moja, anabonyeza, anasubiri, ananiambia "imekubali". Nne zilikuwemo. Za mwisho alizibonyeza huku akitumia mwanga wa simu ya mjukuu kwa sababu mita iko nyuma ya mlango wa stoo. Sijui ni kiasi gani cha fedha kilikuwa katika madaftari, meseji na vipande vya karatasi nchi nzima siku ile, lakini kilipaswa kuwa kimeandikwa mahali kama deni.

Shirika linapoomba kubadilisha bei, EWURA huita mkutano wa taftishi, wa kukusanya maoni, na mwananchi ana haki ya kuzungumza. Wengi huenda kusema umeme ni ghali, nao wana haki. Mimi ningewaomba watakaokwenda safari ijayo wabebe na swali hili: tokeni zilizolipwa na hazijatumika hadi tarehe 30 Juni ni shilingi ngapi, zimekisiwaje, na ziko ukurasa gani wa hesabu? Jibu likipatikana, liulizwe la pili: kama tumewakopesha kiasi hicho bila riba, tunapata nini kwenye bei?

Mama nimemwambia. Aliniuliza kama mkutano unafanyika na Morogoro, au ni Dar na Dodoma tu. Nikamwambia nitafuatilia. Akasema akiitwa atakwenda, na daftari atalibeba.