Kevin Barry Hakuacha Mtihani

Jumapili iliyopita mpwa wangu, aliye mwaka wa pili chuoni na ambaye siku hizi dunia nzima anaiona kupitia simu yake, alinitumia picha ya kijana aliyevaa jezi ya raga, nywele zimechanwa vizuri, uso bado wa kitoto. Alikuwa Kevin Barry, mwanafunzi wa udaktari aliyenyongwa na Waingereza mjini Dublin, Ireland, akiwa na umri wa miaka 18. Chini ya picha mtu fulani alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba kijana huyu aliacha mtihani akachagua taifa. Mpwa wangu akaongeza ya kwake: “Mjomba, soma hii, halafu uniambie sisi tunafanya nini darasani.”

Niliisoma, nikaudhika. Mpwa wangu sina kinyongo naye, maana umri wake ndio umri wa kuuliza maswali hayo. Aliyeniudhi ni huyo mwandishi wa herufi kubwa, kwa sababu alichokiandika si kweli, na uongo wake unaharibu kile hasa kinachomfanya Barry astahili kukumbukwa.

Jumatatu ya tarehe 20 Septemba 1920, Barry alikuwa na shughuli mbili. Saa tano asubuhi alitakiwa kuungana na wenzake wa Jeshi la Jamhuri ya Ireland, IRA, lililokuwa likipigana kuung’oa utawala wa Uingereza, ili kuwanyang’anya bunduki wanajeshi wa Uingereza ambao walikuwa na kawaida ya kufika na lori kuchukua mikate kwenye bekari ya Monks, katika mtaa wa Church Street. Saa nane mchana alikuwa na mtihani katika chuo chake, University College Dublin, UCD. Hakuacha chochote. Alipiga hesabu ya saa zake kama mwanafunzi yeyote mwenye ratiba iliyobana: bunduki asubuhi, karatasi mchana, na jioni, naamini, chakula cha nyumbani. Alikuwa ameingia chuoni kwa ufadhili wa masomo wa halmashauri ya jiji, na sioni dalili yoyote kwamba alikusudia kuutupa.

Wale waliowahi kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani, daftari limefunguliwa magotini na macho hayaoni hata neno moja, watanielewa. Mimi nilipokuwa chuoni niliwahi kushindwa kula tangu usiku hadi mchana wa siku iliyofuata kwa sababu ya somo moja la takwimu, na hakuna aliyekuwa akinisubiri na bunduki. Kijana huyu aliamka siku ya mtihani, akatia bastola mfukoni, akaenda kwenye bekari. Ukiniambia kwamba aliutupa mtihani kwa ajili ya taifa, umenipa sanamu. Ukiniambia kwamba alitegemea kurudi kuufanya, umenipa mtu, tena mtu anayetisha zaidi, kwa sababu vita kwake vilikuwa vimekwisha kuwa jambo la kupangwa katikati ya masomo.

Mambo hayakwenda kama yalivyopangwa. Wanajeshi walianza kufyatua risasi, bastola ya Barry ikakwama, naye akajitupa chini ya lori lilelile walilokuja kulivamia. Wenzake walirudi nyuma bila kujua kwamba wamemwacha. Inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa karibu, akihofia lori lisije likamkanyaga mtu, ndiye aliyepaza sauti kwamba kuna mtu chini yake. Mwanajeshi mmoja, Harold Washington, alikufa papo hapo, na wengine wawili, Marshall Whitehead na Thomas Humphries, walikufa kwa majeraha yao. Walikuwa vijana wa rika la Barry mwenyewe, waliotumwa kuchukua mikate. Picha ya simu ya mpwa wangu haina nafasi yao, wala sikutegemea iwe nayo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba sanamu nazo zina kazi yake. Barry alihukumiwa na mahakama ya kijeshi ambayo alikataa kuitambua, akatoa tamko la kiapo kuhusu mateso aliyofanyiwa, na akanyongwa katika gereza la Mountjoy tarehe 1 Novemba 1920, wiki moja tu baada ya meya wa Cork, Terence MacSwiney, naye mpigania uhuru, kufa kwa mgomo wa kula katika gereza la Brixton. Viongozi wa dini na wa jiji walikuwa wameomba asamehewe, London ikakataa. Serikali iliyotaka kuzima moto isingeweza kuumwagia petroli kwa ustadi zaidi.

Lakini umaarufu wa mmoja umewala wengine. Frank Flood alisoma uhandisi chuo hichohicho, naye kwa ufadhili, alikuwa rafiki wa Barry, na alinyongwa katika gereza hilohilo tarehe 14 Machi 1921 akiwa na miaka 19, siku ambayo watu sita walinyongwa asubuhi moja. Nani ametumiwa picha yake? Wala tusidanganyane kwamba wanafunzi wote walikuwa upande mmoja: katika uasi wa Pasaka wa 1916 dhidi ya utawala huohuo wa Uingereza, kikosi cha mafunzo ya kijeshi cha Trinity College, chuo kingine cha Dublin, kilikilinda chuo chao kwa niaba ya Mfalme.

Anayeniuma zaidi ni Brighid Lyons. Alikuwa akisomea udaktari Galway uasi huo wa 1916 ulipoanza, akasafiri kutoka Longford hadi Dublin, akaingia katika jengo la Four Courts lililokuwa mikononi mwa waasi, akapika na kuwahudumia majeruhi huku risasi zikilia nje. Baada ya waasi kusalimu amri alifungwa Kilmainham, gereza ambalo viongozi wao walipigwa risasi uani alfajiri, mmoja wao Thomas MacDonagh, mhadhiri wa UCD. Brighid alipoachiwa alirudi chuoni, ndiyo, kwenye vitabu vilevile vya mifupa na mishipa, akaendelea kulitumikia vuguvugu la uhuru huku akisoma, na mwaka 1922 akahitimu udaktari, akapewa kamisheni ya afisa katika kitengo cha tiba cha jeshi la nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imezaliwa. Kuanza vita ukiwa mwanafunzi ni jambo la siku moja. Kurudi baada ya Kilmainham, ukaketi, ukafungua daftari na kumsikiliza mhadhiri akieleza kazi za ini, hilo ni jambo la miaka, na hakuna anayelitengenezea picha.

Nilimwandikia mpwa wangu habari za Brighid kwa kirefu, pengine kwa kirefu kupita kiasi, kama ilivyo kawaida ya wajomba. Alijibu baada ya dakika chache: “Na yeye walimnyonga?” Nikamwambia hapana, aliishi hadi 1987, akafariki akiwa na miaka 90. Zile tiki mbili zikageuka buluu, na hadi naandika haya sijapata neno lingine kutoka kwake, ila ile picha ya jezi ya raga ameiweka kuwa ya wasifu wake.