Mrija unaojikunja wenyewe: tusiupime kwa ugumu peke yake

Wakati wa kupanda viazi, shambani kwa shemeji yangu huko Uporoto, nilichukua donge la udongo mweusi lililoonekana kavu, nikalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Kwa muda mfupi lilibaki donge. Kisha likalegea ghafla, likateleza kama limepakwa mafuta na kuniachia maji vidoleni. Shemeji anaujua udongo huo kwa wepesi wake na kwa jinsi unavyomeza mbolea ya kupandia bila shukrani. Mimi ninayefundisha kemia Mbeya mjini naujua kwa sababu nyingine: udongo unaotokana na majivu ya volkano ndio makao ya alofani, madini ya alumini na silikoni, na ya ndugu yake imogolaiti, mrija wa madini ambao unene wake wote haufiki nanomita 3 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita).

Imogolaiti ilielezwa mwaka 1962 na watafiti wa Kijapani, Yoshinaga na Aomine, kutokana na udongo wa majivu wa kisiwa cha Kyushu ambao wenyeji huuita imogo. Mwaka 1977 Farmer na wenzake wa Scotland waliitengeneza maabara. Tangu hapo mrija huu umekuwa ukilinganishwa na mirija ya kaboni, yaani mirija midogo mno iliyoundwa kwa atomu za kaboni, na kila ukilinganishwa kwa ugumu, unashindwa. Nadhani ulinganisho huo umetupotosha.

Aliyewahi kuanika gamba la mgomba uani anajua kwamba halikauki likiwa limenyooka: upande mmoja hunywea kuliko mwingine, nalo hujikunja kuufuata upande ulionywea. Imogolaiti hujikunja kwa mantiki hiyo hiyo, ingawa hapa hakuna kukauka. Ukuta wake una tabaka la nje la alumini, oksijeni na haidrojeni, lenye mpangilio kama wa madini ya gibsaiti. Kwa ndani, kila silikoni imeshika oksijeni tatu za tabaka hilo. Silikoni huzivuta oksijeni hizo karibukaribu kuliko nafasi ambayo alumini ingezipa, hivyo upande wa ndani hubanwa na tabaka zima likapinda hadi kingo zikakutana. Mahali pa silikoni weka jemaniamu, elementi ya kundi lile lile ambayo vifungo vyake na oksijeni ni virefu zaidi, na mvuto wa ndani hupungua. Mrija unaopatikana ni mpana zaidi, kama nanomita 3.3 kwa nje.

Jambo linalonivutia kuliko yote ni kwamba kupinda huko kuna kipimo chake. Mrija ukikunjika zaidi ya hapo unagharimu nishati, ukifunuka pia unagharimu, kwa hiyo karibu yote hutoka na kipenyo kimoja: nanomita 2 hivi kwa nje, na uwazi wa nanomita 1 hivi ndani. Kaboni haina upendeleo huo, kwani kwake kukunjika ni gharama tupu, na mirija yake kwa kawaida hutoka ya vipenyo mchanganyiko ambavyo watu huhangaika kuvitenganisha.

Kuhusu ugumu, hesabu za kompyuta huipa imogolaiti moduli ya Young, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kunyooshwa, ya gigapaskali 200 hadi 400, wakati chuma cha pua kina karibu 200 na mirija ya kaboni hufika 1,000. Hata hivyo, moduli hupatikana kwa kugawanya nguvu kwa eneo la mkato, kisha kwa kiwango cha mnyooko, na ukuta wenye unene wa atomu chache hauna mpaka unaoweza kupimwa kwa rula. Ukihesabu uwazi wa katikati kama sehemu ya mrija, namba inashuka, ukiuacha, inapanda. Ndiyo maana sipendi kuona mwanafunzi akinakili tarakimu moja ubaoni bila kuuliza eneo gani lilihesabiwa.

Tena mrija huu hauhitaji tanuru. Huchanganywa chumvi ya alumini na silika katika maji mengi sana, uasidi hurekebishwa kwa magadi makali kisha kwa asidi, ikiwemo ile ya siki, na mchanganyiko hupashwa kwa siku kadhaa kwenye joto la chini kidogo ya nyuzi 100. Hapa Mbeya, kwa mwinuko wetu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo joto si kikwazo. Kikwazo ni mavuno: kimiminika kinapaswa kuwa chepesi mno, na lita nzima hutoa chembe tu za jeli. Kuithibitisha nako kunataka hadubini ya elektroni, ambayo shule ya sekondari haina.

Kuna ndugu mwingine ambaye lazima atajwe. Krisotaili, yaani asbesto nyeupe, nayo ni tabaka lililojikunja, ila kwake sehemu yenye magneziamu ndiyo iliyo nje na silika iko ndani, na nyuzi zake husababisha saratani. Imogolaiti si asbesto, na mirija yake ni mifupi zaidi, lakini umbo la uzi linatosha kunifanya nisiruhusu unga wake mkavu kupeperuka darasani. Jeli yetu, siku tutakapoipata, itabaki majini ndani ya chupa iliyofungwa.