Kaunti iliyofunga shule zake ili isichanganye watoto

Kila ikikaribia tarehe 17 Mei, ile picha hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: Ruby Bridges, mtoto mweusi wa miaka 6, akishuka ngazi za shule ya weupe New Orleans, Marekani, mwaka 1960, maafisa wa serikali kuu wamemzunguka. Chini yake huandikwa maneno matamu kuhusu upendo kushinda chuki. Sawa. Mwaka huu msomi mmoja kwenye kundi letu akaongeza la kwake: eti Mahakama ya Juu ya Marekani ilishamaliza kazi tarehe hiyo mwaka 1954, ilipopiga marufuku shule za umma kutenga watoto weusi na weupe katika kesi ya Brown, na kama mambo yalichelewa ni kwa sababu jamii haibadiliki kwa siku moja, weusi wangevuta subira.

Subira! Mzee wangu, hebu twende Farmville, mji wa jimbo la Virginia.

Moton, sekondari ya huko ya watoto weusi wa kaunti ya Prince Edward, ilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 180. Kufikia 1951 walikuwa zaidi ya 450, na wakubwa wa kaunti wakatibu msongamano huo kwa mabanda ya mbao yaliyofunikwa karatasi ya lami. Mvua ikinyesha yanavuja. Kipupwe kikija, aliyekaa karibu na jiko anaungua na aliyekaa mbali anasoma na koti. Wenzao weupe walikuwa na ukumbi wa michezo na mkahawa. Moton haikuwa na hata kimoja.

Tarehe 23 Aprili 1951 mwalimu mkuu akapigiwa simu kwamba wanafunzi wake wameingia matatani huko kituo cha mabasi. Akatoka mbio. Nyuma yake shule ikaitwa mkutanoni, pazia la jukwaa likafunguka, na aliyesimama pale ni Barbara Johns, binti wa miaka 16. Akawataka walimu watoke. Walipositasita akavua kiatu akakigonga kwenye benchi. Shule ikagoma. Walichotaka ni jengo la maana tu. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, Oliver Hill na Spottswood Robinson, ndio waliowaambia kwamba wakitaka msaada, wadai ubaguzi wenyewe uondoke. Kesi yao ikawa moja kati ya tano zilizounganishwa katika ile ya Brown, na Thurgood Marshall akazisimamia. (Ndiyo, huyohuyo aliyewasaidia wajumbe wa Kenya kwenye mazungumzo ya katiba kule Lancaster House, London, mwaka 1960.) Barbara mwenyewe ilibidi apelekwe Montgomery kwa ndugu ya baba yake, kwa kuhofiwa maisha yake.

Wakashinda, 1954, majaji 9 kwa 0. Mwaka uliofuata majaji haohao wakasema utekelezaji uende kwa kasi ya busara, bila kutaja tarehe yoyote. Wanasiasa wa majimbo ya Kusini mwa Marekani, kulikoshikiliwa ubaguzi, walichekelea. Wabunge na maseneta 101 wakasaini tamko la kuipinga hukumu hiyo mwaka 1956.

Na Prince Edward? Mahakama ilipowabana wachanganye watoto mwaka 1959, waheshimiwa wa kaunti wakakataa kutenga bajeti ya shule. Hata senti. Shule zote za umma zikafungwa. Kwa watoto weupe ikafunguliwa shule binafsi, Prince Edward Academy, na haikuchukua muda ruzuku ya jimbo na nafuu ya kodi ya kaunti zikaanza kubeba karo. Yaani fedha za umma, ambazo mzazi mweusi naye alikuwa anachangia. Watoto weusi wapatao 1,700 wakaachwa hivihivi. Siyo muhula. Shule za umma zilibaki zimefungwa miaka mitano. Wengine walipelekwa kwa jamaa majimbo mengine, wengine wakafundishwa kidogo kwenye makanisa na akina Mchungaji L. Francis Griffin, na wengi wakaishia nyumbani na mashambani. Mtoto aliyekuwa anajifunza kuunganisha herufi alikuja kurudi darasani akiwa ameshaanza kubalehe.

Huyo naye aliambiwa asubiri?

Nitakubali, shingo upande, kwamba bila hukumu ya 1954 wasingekuwa na pa kushika. Na Rais Eisenhower alipeleka wanajeshi Little Rock, jimbo la Arkansas, mwaka 1957 kuwalinda wanafunzi weusi walioingia sekondari ya weupe, ingawa roho yake haikuwa hapo. Ila mwaka uliofuata Faubus, gavana wa jimbo hilo, alifunga sekondari za mji huo, huku timu zao za futiboli ya Kimarekani zikiendelea kucheza mechi kama kawaida. Masomo yangoje, mechi hapana. Walimu weusi nao walilipa: makumi ya maelfu walipoteza kazi shule zilipounganishwa, kwa kuwa mzazi mweupe hakutaka mwanawe afundishwe nao. Hadi 1964, miaka kumi baada ya Brown, watoto weusi wa Kusini waliokaa darasa moja na weupe walikuwa kama 2 kwa kila 100.

Virginia ilianzisha ufadhili wa masomo kwa watu wa Prince Edward mwaka 2004. Aliyekuwa na miaka 7 shule zilipofungwa alikuwa na 52. Wapo waliorudi kusoma, na nawavulia kofia.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni usiku mmoja wa Agosti 1964. Mahakama ya Juu ilikuwa imeshaamuru shule zifunguliwe, na suala la ruzuku za shule binafsi lilikuwa bado mahakama ya rufani. Waheshimiwa walewale wakakutana usiku, wazazi weupe wakaitwa, wakaja kuchukua hundi zao gizani. Kama dola 180,000 zilikuwa zimeshagawiwa kabla ofisi hazijafunguliwa asubuhi. Mwaka 1966 mahakama ya rufani iliwatia hatiani kwa kuidharau. Watu waliodai jamii haiwezi kukimbizwa walimaliza shughuli nzima kati ya machweo na alfajiri, na msomi wetu ananiambia tatizo lilikuwa muda.