Siku ya kuuondoa mrija nayo ina hatari zake

Makala yenu kuhusu mrija wa vena kuu, yaani mrija mwembamba unaoingizwa kwenye vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ili kumpa mgonjwa dawa na maji, imeeleza vizuri jinsi sindano inavyoweza kutoboa pafu au kuingia kwenye ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) wakati wa kuuweka mrija huo katika vena kubwa ya shingoni au ya chini ya mtulinga, lakini imepita haraka mno juu ya siku ya kuuondoa. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi, na jambo hili linanigusa sana. Mrija ukitolewa mgonjwa akiwa ameketi na anavuta pumzi, shinikizo ndani ya kifua hushuka, na hewa inaweza kufyonzwa kupitia tundu lile dogo hadi moyoni, ikazuia damu kwenda mapafuni. Ndiyo maana ninamlaza chali, kichwa kikiwa chini kidogo, namwomba atoe pumzi ninapovuta, kisha nakandamiza kwa shashi na kufunika kwa bandeji isiyopitisha hewa. Kuhusu maambukizi ya damu yanayotokana na mrija, utafiti wa jimbo la Michigan, Marekani, uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa yanapungua sana pale wahudumu wanaponawa mikono, wanaposafisha ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) na kuondoa mapema mrija usiohitajika tena.