Matembezi ya Kusimama

Daktari aliniambia nitembee. Hakusema nisimame, wala hakusema nichuchumae kando ya mistari ya chai huku nikimeza kikohozi, alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuichoka presha yangu, "Mzee, tembea angalau nusu saa kila siku." Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, alipoisikia habari hiyo alidai kwamba dawa yangu ipo Mufindi, katika matembezi ya kuangalia ndege yanayofanyika kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwenye uwanja wa gofu uliozungukwa na mashamba ya chai. Nilisikia neno "matembezi", nikalipa shilingi 5,000. Hapo ndipo nilipoliwa.

Mwalimu mstaafu anayetuongoza anaeleza kwamba ndege huchangamka zaidi jua linapochomoza, kwa hiyo saa kumi na mbili kamili tunatakiwa tuwe tumekwisha kupanga mstari kwenye majani. Mtu asiyeijua Mufindi anaweza kudhani umande ni jambo la washairi, lakini huku kwetu umande hupenya kiatu, soksi na heshima ya mtu mzima. Mimi nilikuwa nimejihami kwa koti langu jekundu, zawadi ya harusi ya binti yangu. Mwalimu alilitazama kwa huzuni, akaniambia kwa upole kwamba rangi hiyo huwashtua ndege, nami nikalazimika kuligeuza na kulivaa nje ndani, bitana lililochanika likipepea mbele ya watu nisiowafahamu.

Kisha tukaanza kusimama. Tulikwenda hatua kumi, mwalimu akainua mkono, kundi zima likaganda: shakivale alikuwa juu ya nguzo. Nilimwona, nikaridhika, nikainua mguu niendelee, shemeji akanishika mkono na kuninong'oneza kwamba bado tunasubiri ageuke ili tuuone mkia. Tulisubiri mkia huo kwa dakika kumi na nne. Ni mkia mwekundu, sikatai, mwekundu kama udongo wa barabara ya kijijini kwetu, lakini udongo huo sikuwahi kuulipia kiingilio. Baada ya shakivale alifuata chozi aliyekuwa akinyonya maua, kisha shore, kisha minana wanaosuka viota vyao kwa ufundi ambao fundi wangu wa paa angefaa aletwe auone, na kila mmoja wao alitaka asimamiwe kwa muda wake.

Palipokosekana ndege, walikuwapo wenye gofu. Mchezaji anapojipanga kuupiga mpira, adabu ya mchezo huo hairuhusu mtu kupita karibu yake wala kukohoa, nasi tulikuwa wageni wao. Hivyo, baina ya ndege asiyetaka kushtuliwa na mchezaji asiyetaka kushtuliwa, hapakubaki hata dakika moja ambayo mgonjwa wa presha angeweza kuutumia mguu wake kihalali.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba mimi na ndege tuna historia. Utoto wangu wote niliumalizia juu ya dungu, lile jukwaa la kulindia mazao, nikiamia ndege katika shamba la ulezi la bibi, kombeo mkononi na debe la kupiga pembeni, na jioni ugali wangu ulikuwa mkubwa au mdogo kulingana na masuke yaliyosalia. Bibi angefufuka leo na kuniona ninamlipa mtu ili nimnyenyekee mnana, angerudi kaburini kwa miguu yake mwenyewe.

Mwaka huu mwalimu alikuwa na shauku ya pekee, kwa sababu ilikuwa Novemba na alitarajia kumwona mbayuwayu wa buluu. Ndege huyo huja nyanda za juu kuzaliana wakati wa mvua, kisha huhamia upande wa Ziwa Victoria, na huku kwetu hujenga kiota ndani ya shimo la ardhini, mara nyingi lile lililochimbwa na muhanga, yule mnyama anayekula mchwa. Amekuwa adimu kwa sababu nyasi anazozitegemea zimegeuzwa kuwa chai na misonobari. Nakiri kwamba habari ya kuishi katika shimo la mwingine ilinigusa, kwani mimi pia nimeishi nyumba za kupanga maisha yangu yote. Tulipofika kwenye nyasi ndefu za pembeni, mwalimu aliinua darubini, mikono ikitetemeka, akanong'ona, "Ndugu zangu, nadhani ni yeye."

Wakati huohuo kunguru wa shingo nyeupe alishuka, akaudonoa mpira wa gofu uliokuwa karibu na shimo, nadhani akiufikiria yai, akaruka nao. Mwenye mpira alitugeukia sisi, si kunguru, akasema kwa hasira, "Ndege wenu amechukua mpira wangu!" Sijui ni kitu gani kilichoniingia, nadhani ni bibi. Niliokota jiwe, nikatimua mbio kuvuka majani yale yaliyonyolewa kama kichwa cha mwanafunzi, nikipiga ukelele wa dunguni ambao sikuwa nimeutoa kwa miaka arobaini. Kunguru aliuachia mpira. Lakini shakivale naye aliondoka, minana waliondoka, na kile cha buluu kilichokuwa juu ya nyasi, kama kilikuwapo, kiliondoka pia.

Mwalimu hakunisemesha hadi kwenye magari. Simu yangu ilihesabu hatua 2,316 kwa saa tatu, na zile za maana zote ni za kumfukuza kunguru. Mwenye mpira alinishukuru kwa soda. Kiingilio cha Desemba nimekwisha kukilipa, na mwalimu amenipangia kazi ya kubeba darubini kubwa ya miguu mitatu, ambayo hubebwa kwa mikono miwili.